Mashine ipo, chila ya kuipoza imekufa: kuna namna ya kuingiza vipuri kwenye fedha za serikali za utafiti?

FundiSanifu_77 aliandika:

Wakuu habari za jioni.

Swali langu ni la kiofisi kidogo, lakini najua humu kuna wahadhiri, watu wa manunuzi na watu wa wizarani waliojificha nyuma ya majina ya ajabu. Naomba msinitajie chuo changu hata mkikitambua, mshahara bado nauhitaji.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika chuo cha umma hapa Tanzania, huu mwaka wa kumi na moja. Kitengo changu ni cha sayansi ya materiali. Kwa asiyeijua, ni ile elimu ya kujua kwa nini nondo hii inapinda na ile inakatika, kwa nini kigae kinapasuka tanurini, kwa nini betri inachoka. Tunachungulia ndani ya kitu mpaka kwenye mpangilio wa atomu zake.

Kisa chenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa mashine ya eksirei ya kutambua fuwele. Ilinunuliwa kwa fedha za maendeleo, ikaja kwenye makasha mawili makubwa ya mbao (mbao zile leo ni banda la kuku la mtu nisiyemtaja). Mhandisi alitoka nje, akakaa nasi siku nne, akafundisha watu wawili. Mwenzangu alihama mwaka uliofuata. Nikabaki peke yangu.

Kazi ya mashine hii mtu akiiona haisahau. Mwanafunzi anakuletea unga kwenye kikopo, unaupiga eksirei, unapata mchoro wenye vilele, na kila fuwele ina vilele vyake. Chukua udongo mweupe wa Pugu. Kaolini iliyomo inasimamisha kilele kwenye pembe ya nyuzi 12.4 hivi. Mchanga wa kwatsi uliochanganyika nayo unasimama kwenye 26.6. Sasa uchome udongo huo tanurini kwenye joto la nyuzi 600 na ushee, urudishe mashineni: kilele cha kaolini hakipo tena, cha kwatsi kimekaa pale pale. Mara ya kwanza nilipokiona kimetoweka nilimwita mlinzi aje ashuhudie. Hakuelewa, ila alikubali kwamba kweli kimeondoka.

Ilifanya kazi miezi kumi na minne. Vuli ile umeme ulikuwa unakatika na kurudi kwa kishindo, na asubuhi moja chila ikanyamaza. Chila ni mtambo wa pembeni unaozungusha maji ya baridi ili tyubu ya eksirei isiungue. Tyubu inapigwa volti 40,000 na karibu nguvu yote hiyo inageuka joto, kwa hiyo pasipo maji mashine inagoma kuwaka, na ina haki yake. Kwa maneno mengine mashine ni nzima. Kilichokufa ni pampu ya maji.

Nikaandika dokezo. Bei ya chila nyingine na usafirishaji wake ilikuja milioni 19 na kitu. OC (fedha za matumizi mengineyo) ya idara nzima robo ile ilikuwa milioni 2 na laki 4, na humo mna karatasi, dizeli, kemikali za mwaka wa kwanza na chai ya vikao. Mhasibu hakunikatalia kwa ubaya. Alinifungulia kompyuta yake akanionyesha: kasma, yaani fungu la bajeti, ya kununua mashine ilikuwepo, ikafungwa siku mashine ilipopokelewa. Kasma ya kuitunza haijawahi kufunguliwa. Akaniambia, "Wewe umeletewa ng'ombe, majani hayamo kwenye bajeti."

Tulimleta fundi wa majokofu wa mtaani. Kijana hodari, akafunga pampu aliyoitoa anakokujua mwenyewe, ikazunguka siku mbili, ya tatu ikavuja na maji yakaelekea kwenye soketi. Mkuu wa idara akapiga marufuku mafundi wa mtaani. Tangu hapo kazi yangu kubwa na mashine ile ni kuifuta vumbi wageni wakitangazwa. Kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu kiko mlangoni, kimeanza kuwa cha njano.

Anayeumia ni mwanafunzi. Nina binti wa uzamili mwenye sampuli 12 za huo udongo wa Pugu. Alizituma nje kwa bahasha, kwa rafiki wa kaka yake anayesoma huko. Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu, na sampuli mbili zimebadilishana namba. Udongo umechimbwa mwendo wa daladala kutoka hapa, mashine ya kuupima iko ghorofa ya chini, na majibu yanakuja kwa WhatsApp kutoka bara jingine yakiwa yamekosewa.

Sasa kuna dirisha jipya la fedha za vifaa. Mkuu wa idara amenitaka nimwandalie ukurasa mmoja kabla ya Ijumaa. Yeye anataka hadubini ya elektroni. Mimi nataka chila, tyubu ya akiba, stabilaiza ya maana na mtu wa pili wa kufundishwa. Anasema fedha hizi ni za "vifaa" tu, haziendi kwenye matengenezo, na tukiomba pampu tutaonekana hatuna maono.

Kuna aliyewahi kuingiza matunzo kwenye fedha za serikali za utafiti na yakapita? Uliandikaje? Na mlioko nje, wenzetu wanafanyaje mashine isife?

Nawasilisha.


Kinyozi_wa_Mabibo aliandika:

Kwenye mradi wote huo kilichoendelea kutaga ni banda la kuku. Nimevuta kiti mkuu.


Mzee_wa_Andiko aliandika:

Fundi, pole sana. Nimecheka kwenye mbao, halafu nikakumbuka kwamba na mimi niligawiwa.

Nimeongoza miradi mitatu ya fedha za ndani. Miwili ilifungwa vizuri, mmoja niliufunga kwa aibu. Nitakueleza wa aibu.

Tulikuwa tunachoma maganda ya mpunga ya Mbarali tupate jivu la kuchanganya na saruji. Jivu lile likichomwa vizuri lina silika (madini kama ya mchangani) nyingi isiyo na fuwele, ndiyo inayoshikana na chokaa. Ukizidisha moto silika inageuka fuwele na jivu linakuwa bure. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea tanuri yenye joto la kuaminika. Nikanunua tanuri nzuri. Mwaka wa pili elementi zake zikakatika. Kasma ya vipuri sikuwa nayo, kwa sababu wakati naandika andiko nilikuwa na akili za mtu wa dukani: kitu kipya, kwa nini uanze kukiwazia kifo? Nikatoa pesa yangu mfukoni, jamaa aliyekuwa anarudi kutoka China akaniletea elementi kwenye begi la nguo. Tanuri ikawaka. Mkaguzi alipokuja swali lake la kwanza lilikuwa: kipuri hiki kimeingiaje chuoni bila hati ya mapokezi? Nilijieleza kwa barua tatu.

Andiko lililofuata nilibadilisha namna ya kuomba. Sikuandika "mashine moja". Kwenye vigezo vya kitaalamu vya zabuni niliandika mashine pamoja na vipuri vyote vinavyochakaa kwa miaka mitatu, kinga ya umeme, ziara ya mhandisi kila mwaka kwa miaka hiyo mitatu, na mafunzo ya watu wanne. Wanne, Fundi, siyo wawili, maana mmoja atahama, mmoja ataenda kusoma, mmoja atapewa cheo. Vyote hivyo bei moja, mkataba mmoja, kasma ile ile ya vifaa. Mzabuni asiye na fundi wa kufika ndani ya wiki mbili alipoteza alama. Bei ilipanda kama theluthi moja, na kitengo cha manunuzi walinikalisha mchana kutwa, lakini mwisho wakakubali kwamba hakuna sheria inayosema kifaa kinunuliwe bila uhai wake. Leo vigezo vinapandishwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, ila mantiki haijabadilika. Kitu kisichoandikwa kwenye vigezo siku ya kwanza, baadaye unakiomba kama msaada.

Kuhusu vyanzo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986, na mfuko wake unaitwa MTUSATE. Wakitoa wito, soma mwongozo wa wito huo mwenyewe mstari kwa mstari uone gharama gani zinaruhusiwa, usiende na habari za korido. Upande mwingine kuna fedha za miradi mikubwa kama HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021 kwa ajili ya vyuo vikuu. Zile ni za majengo, maabara, mitaala na kusomesha wahadhiri. Na ni mkopo, wajukuu watalipa. Kwa hiyo hoja ya pampu siyo ya mtu asiye na maono. Mtu anayekopa kununua lori huwa anaulizia bei ya tairi.

Jambo moja watu hawalisemi: kalenda. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Pesa ikichelewa kuingia, ikaja Machi au Aprili, kila mtu anakimbilia kitu kinachonunulika haraka na kupokelewa haraka, na kitu hicho ni mashine ya kwenye katalogi. Mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu haupokelewi kwenye kasha, hauna picha, na nusu yake inavuka Juni. Ndiyo maana mashine zinakuwa nyingi na mafundi wachache. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo.


Mchaga_wa_Mbali aliandika:

Kaka Fundi, hapo kwenye sampuli mbili zilizobadilishana namba nimeumia, maana mimi ndiye huyo "rafiki wa kaka" wa watu kama sita hivi. Nipo Marekani, mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu, sayansi ya materiali. Bahasha kutoka nyumbani zinanifikia, napima usiku. Samahani kwa niaba yetu wote.

Umeuliza huku wanafanyaje. Wiki yangu ya kwanza hawakunionyesha mashine. Walinipeleka darasani kwa muda wa saa sita kwa siku mbili, nikafanya mtihani, ndipo nikapewa kadi. Kadi inafungua mlango na kuwasha saa. Kila saa ninayotumia eksirei inakatwa kwenye akaunti ya ruzuku ya profesa wangu, kwetu ni dola 38. Pesa hiyo haiendi mfuko mkuu, inabaki kwenye kituo cha vipimo, na ndiyo inayonunua tyubu. Mashine yenyewe ni ya mwaka 2004. Ina mikwaruzo, kibodi imefutika herufi, inapima kila siku.

Na pembeni yake kuna mzee mmoja, fundi, ana miaka 31 hapo. Hafundishi somo lolote, haandiki makala, jina lake liko kwenye shukrani za tasnifu zisizohesabika. Akipita mlangoni akasikia pampu imebadili sauti anarudi na bisibisi kabla hujajua kuna tatizo. Chila yetu ilishaanza kulia mwaka jana, akabadilisha kifaa cha dola tisini, basi.

Niliwahi kuuliza utaratibu huu ulitoka wapi, nikapewa historia. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walishtuka, na wakagundua kwamba roketi na vinu vyao vinakwama kwenye vitu vya kutengenezea: metali haihimili joto, keramiki inapasuka. Mwaka 1960 wakala wa utafiti wa wizara yao ya ulinzi, ARPA, uliingia mikataba na vyuo vitatu vya kwanza, Cornell, Pennsylvania na Northwestern, kuanzisha maabara za pamoja za materiali. Baadaye zikafika 12. Pesa ile haikumpa kila profesa kijimashine chake ofisini. Ililipa majengo, mashine za kutumiwa na fizikia, kemia na uhandisi kwa pamoja, na watu wa kuzihudumia, kwa mikataba ya miaka mingi. Mwaka 1972 zikahamishiwa taasisi yao ya taifa ya sayansi, NSF, na tangu 1994 mpango unaitwa MRSEC, ruzuku ya miaka sita kwa kila kituo. Ndani ya ruzuku hiyo elimu imo kwa lazima. Kila kiangazi kituo chetu kinapokea vijana wa shahada ya kwanza kutoka vyuo vidogo wiki kumi, wanalipwa posho, na yule mzee anawaweka kwenye foleni ya mafunzo kama mimi.

Usidhani huku ni peponi. Juu ya kila ruzuku chuo kinakata fungu la umeme, majengo, wahasibu, vitu ambavyo havina mradi wa kuvilipia. Mei 2025 NSF ilitangaza kwamba fungu hilo lisizidi asilimia 15, vyuo vikaenda mahakamani, na Juni hakimu wa Boston akalitengua tangazo. Mwaka huo huo serikali yao ilipendekeza bajeti ya NSF ya 2026 ishuke kutoka kama Dola bilioni 9 hadi bilioni 3.9. Neno la mwisho lilikuwa la bunge lao, lakini ungekuwepo korido zetu wiki ile. Kila mtu alikuwa anahesabu vidole kujua nani ataondoka, na jina la kwanza lililotajwa halikuwa la profesa. Lilikuwa la fundi.


FundiSanifu_77 aliandika:

Dada, hapo kwenye mzee wa miaka 31 nimesoma mara mbili. Kwetu mtu wa maabara akikaa miaka mitano anaulizwa kwa nini hajaenda kusoma awe mhadhiri. Mimi mwenyewe nimeulizwa na mama mkwe.

Mzee wa Andiko, shikamoo. Wazo la kuingiza vipuri kwenye vigezo nimelinakili lote. Tatizo langu ni kwamba mashine ilishanunuliwa. Hakuna zabuni ya kuipachika. Na ada kwa saa, kwetu mteja akilipa inatoka namba ya malipo, pesa inaingia akaunti kuu ya chuo, na mimi sijawahi kuiona ikishuka ngazi kurudi chini.


Wa_Kitale aliandika:

Jameni majirani, msifikiri huku Kenya tumepona. Sisi tuna sheria tamu sana. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ndiyo iliyoanzisha Hazina ya Taifa ya Utafiti, na imeandika wazi kwamba Hazina hiyo itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Asilimia mbili! Muulize mtafiti yeyote wa Kenya kama ameionja. Mimi mwenyewe niliwasilisha pendekezo, nikangoja, nikaoa, nikapata mtoto.

Hoja yangu ni kwamba mnapigania pampu wakati vita viko juu. Nchi za Afrika zilikubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, mkikaa mnadai hiyo kwanza, pampu zitajinunua.

Kwa huyo binti wa udongo, kama anafikiria uzamivu, atafute habari za PASET, ushirikiano wa nchi za Afrika wa kukuza ujuzi wa sayansi na teknolojia. Ufadhili wao wa RSIF unasimamiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu hapa Nairobi, serikali zenyewe za Afrika zimechangia, na uhandisi wa madini na materiali ni mojawapo ya maeneo yao matano. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ni mojawapo ya vyuo wenyeji, kwa hiyo si lazima avuke bahari.


Mzee_wa_Andiko aliandika:

Marahaba Fundi.

Wa Kitale, hongera kwa mtoto. Hiyo asilimia 1 naisikia tangu Mpango wa Lagos wa 1980, nikiwa shule. Takwimu za UNESCO za 2013 ziliiweka Tanzania karibu nusu ya asilimia. Ipande, nani anakataa. Lakini ukiniletea asilimia nzima ikiwa na tabia ile ile ya kununua na kufunga kasma, nitakuwa na vyumba viwili vya kufuta vumbi badala ya kimoja.

Tuongee kitu kinachoshikika. Kila mwaka tunasema chuma cha Liganga. Chuma kile kimebeba metali nyingine, titani na vanadi. Titani ikizidi kwenye tanuri la kawaida la kuyeyushia, takataka zinazoelea juu zinakuwa nzito kama ugali na hazitoki. Hapo ndipo panahitaji watu wa kukaa na sampuli miezi na miezi, wakipima fuwele gani zimeundika kwa joto gani. Hao ni wanafunzi wa kina Fundi. Grafiti ya Mahenge, nikeli ya Kabanga, hadithi ni hiyo hiyo: ukitaka kuuza kitu kilichosafishwa, lazima uwe na mtu wa kukuambia kimesafika kiasi gani, na mashine yake iwe inawaka siku hiyo.

Sasa Fundi, kuhusu zabuni iliyokwisha. Mkuu wako anataka hadubini. Mpe hadubini. Hadubini ya elektroni nayo ina pampu, ina nyuzi za kuwasha elektroni zinazokatika, inataka umeme usiotikisika. Andika ombi moja la "kituo cha vipimo vya materiali": hadubini mpya pamoja na mfumo mmoja wa kupozea na kinga moja ya umeme vinavyohudumia mashine zote mbili chumbani. Chila yako inaingia humo kama sehemu ya kituo. Hujadanganya mtu, na kwa kweli ndivyo inavyotakiwa kujengwa. Muulize tu mtaalamu kama maji ya mashine hizo mbili yanaweza kuzunguka mfumo mmoja, au ziwe chila mbili ndani ya bei moja.

Na kuhusu pesa kupanda bila kushuka: usiende kwa mhasibu, hana mamlaka. Andika dokezo menejimenti ipitishe kwamba sehemu ya mapato ya ndani yanayotokana na vipimo irudi maabara, kwa kiwango kilichoandikwa. Weka na wateja. Viwanda vya vigae viko Mkuranga na Chalinze, wanatumia udongo kila siku. Nenda na mchoro wako wa kaolini uwaonyeshe.


Kigali_Baridi aliandika:

Nyongeza fupi. Wakati mnangoja pampu, mwanafunzi anaweza kufanya materiali kwa kompyuta. Programu ya kuhesabu tabia za atomu kama Quantum ESPRESSO ni ya bure, na pale Kigali tawi la ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia), EAIFR, liko tangu 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda na wanatoa uzamili wa fizikia ya hali mango. Mimi nilisoma hapo bila kugusa mashine hata moja. Kompyuta haina chila.


FundiSanifu_77 aliandika:

Kigali, nakuheshimu, na binti nimemwambia. Ila kompyuta inahesabu kaolini safi ya kwenye kitabu. Huu udongo umetoka Pugu na mizizi, mchanga na kutu. Lazima mtu aupime.

(Na hata kompyuta ina feni. Feni ya kwangu imekufa pia.)


FundiSanifu_77 aliandika:

Mrejesho, leo Alhamisi usiku.

Nimeandika ukurasa mmoja kama Mzee alivyosema: kituo cha vipimo, hadubini, upoaji na kinga ya umeme kwa chumba kizima, vipuri vinavyochakaa miaka mitatu, tyubu moja ya akiba ya eksirei, ziara za mhandisi, mafunzo ya watu wanne. Mwishoni nikaweka mstari wa nafasi moja ya ajira ya fundi wa kudumu wa kituo, na mstari wa ada kwa saa kurudi maabara.

Nimeupeleka kwa mkuu wa idara saa nane. Alisoma akiwa amesimama, halafu akakaa. Aliniuliza tyubu ni shilingi ngapi, nikamwambia, akapiga mluzi. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: tangu chila ife, ni sampuli ngapi zimekuja zikarudi? Nilikuwa nayo. Daftari la maabara nimeendelea kuliandika hata mashine ikiwa imezimwa, tarehe, jina, aina ya sampuli, "haikupimwa". Ni 143. Alilichukua daftari akalifunua polepole, akakutana na majina ya wanafunzi wake mwenyewe.

Upoaji, vipuri na tyubu vimepita. Watu wanne wamekuwa watatu. Mstari wa ajira ya fundi ameukata kwa kalamu nyekundu, anasema huo ni wa utumishi na siyo wa andiko hili. Ada kwa saa ameandika pembeni "tuonane".

Kesho saa mbili kabla hajaupeleka juu narudi kwake na daftari lile lile. Dada wa Marekani, naomba uniandikie usiku huu, hata kwa ufupi, kazi za yule mzee wenu kwa wiki moja: Jumatatu anafanya nini, Jumanne nini. Nataka niuweke pamoja na ule mstari uliokatwa.


Mchaga_wa_Mbali aliandika:

Huku ni mchana, yupo hapa mbele yangu amelala chini ya mashine, miguu tu ndiyo inaonekana. Nipe saa moja nimuulize.